Barua za padri wa mahandakini na namna ya kumwandikia mzazi

Kaka yangu alipopelekwa Somalia na jeshi, mama yetu, anayeishi hapa Likoni, alikuwa akipigiwa simu kila Jumapili, na kila simu ilikuwa na maneno yaleyale: yuko salama, anakula vizuri, mama asiwe na wasiwasi. Simu ikishakatika, wasiwasi ndipo ulipoanza, kwa maana mzazi asiyeelezwa kitu hujielezea mwenyewe, tena kwa mabaya kuliko yaliyopo. Ni wakati huo ambapo padri mmoja mzee, baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, aliniazima barua za Padri Willie Doyle, na kwa yale niliyojifunza humo ningependa kuwashauri wenzangu ambao watu wao wako kwenye kazi za hatari.

Doyle alikuwa Mjesuiti, yaani padri wa Shirika la Yesu, wa Ireland, kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba, aliyezaliwa mwaka 1873 huko Dalkey, karibu na Dublin. Alifika kwenye mstari wa mbele wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mapema mwaka 1916 akiwa padri wa jeshi katika Divisheni ya 16 ya Ireland, na akauawa tarehe 16 Agosti 1917 karibu na Ypres, Ubelgiji. Padri wa jeshi habebi silaha. Kazi yake ni kuungamisha, kuwapa askari maondoleo ya dhambi kwa pamoja kabla ya kushambulia, kuwapaka mafuta wanaokata roho na kuwazika waliokufa, na katika matope yale kazi hiyo ilimfikisha mahali ambapo risasi zilikuwa hazichagui. Nyingi kati ya barua zake alimwandikia baba yake, aliyekuwa mzee wa miaka mingi.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze na barua ya mwisho, kosa ambalo mimi nililifanya. Ukishajua siku ya kifo na kuisoma kwanza, barua nyingine zote unazisoma ukiwa matangani, na yale madogo yanakupita. Zisome kwa tarehe, moja kwa siku. Ndivyo nilivyokuja kuiona vizuri barua ya Septemba 1916, baada ya mapigano ya Ginchy, kijiji cha Ufaransa, anapomsimulia baba yake Misa aliyowaombea marehemu ndani ya handaki. Alichimba ubavu wa handaki apate nafasi ya kusimama, na altare yake ilikuwa sanduku la biskuti lililoshikiliwa na singe mbili za Wajerumani, huku maiti za askari zikiwa zimemzunguka. Angeweza kuandika tu kwamba alisoma Misa, lakini alieleza hata altare ilisimama juu ya nini, na mimi naiona imani yake katika sanduku lile kuliko katika sifa zote alizoandikiwa baadaye.

Barua ya mwisho ni ya tarehe 14 Agosti 1917. Humo anamweleza baba yake waziwazi mara zote alizoponea chupuchupu, akisema kwamba anamwambia hayo ili naye awe na tumaini lilelile, kwamba kiti chake huko mbinguni bado hakijawa tayari. Siku mbili baadaye aliuawa. Nimewasikia waumini wakisema kwamba alimpa mzee tumaini la bure, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mwili wake haukupatikana, jina lake limeandikwa ukutani Tyne Cot, makaburi ya askari huko Ubelgiji, na bila barua zile baba yake angebaki hana cha kushika. Nikipita kwenye sanamu ya askari hapa Mombasa, huwafikiria wapagazi na askari wetu wa vita vilevile, ambao wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja, na uchungu wangu huwa ni kwa mama zao.

Basi nilimwandikia kaka nikamwomba aandike kwa mkono, asiseme yuko wapi wala wanafanya nini, maana hilo ni siri ya jeshi, bali aeleze analala juu ya nini, nani anapika, na walisali vipi Jumapili. Barua ya kwanza ilikuwa fupi na kavu. Ya pili ilikuwa na ukurasa mzima juu ya upepo unaotia mchanga kwenye uji, na juu ya kijana wa Kitui anayeongoza rozari kwa sauti ya chini wenzake wakiwa wamelala.

Barua hizo zitunzeni. Unyevu wa pwani huila karatasi haraka, na nailoni huuongeza; sisi tunaziweka katika bahasha ndani ya sanduku la mbao, mbali na ukuta, kila moja ikiwa na tarehe juu, na nimezinakili katika daftari. Mama hupenda nianze na ile ya mchanga, kisha hunituma kumwuliza kaka kama yule kijana wa Kitui ana mama.