Vumbi la mbao halijanasa rangi: angalia chaji kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya kutia rangi vitambaa vya pamba, uliyoyapitisha kwenye vumbi la mbao, yamebaki mekundu na kuongeza ukahawia. Ukahawia huo umetoka kwenye vumbi lenyewe. Lichemshe, ulisuuze mpaka maji yatoke safi.

Wekundu ni suala la chaji ya umeme. Uso wa vumbi una chaji hasi, hivyo hunasa vizuri rangi zenye chaji chanya kama methilini buluu. Rangi za pamba zinazoshikishwa kwa magadi zina chaji hasi pia, kwa hiyo zinasukumana. Tia siki kidogo kidogo (itatoa povu, tumia ndoo kubwa) hadi pH (kipimo cha asidi) ishuke kwenye 4 hivi, kisha jaribu kaboni amilifu (mkaa maalumu wa kunasa uchafu) ya vifuu vya nazi badala ya vumbi.

Usinunue gunia la kaboni kabla ya kupima. Panga glasi nne za maji yaleyale, weka kaboni gramu 0, 1, 2 na 4, tikisa kwa saa moja, acha zituame, uzilinganishe mbele ya karatasi nyeupe.

Na tafadhali sana, kaboni iliyotumika usiimwage mtoni wala bustanini. Rangi haijaharibiwa, imehamia humo tu.