Kabla hujaiamini grafu ya superkondakta, uliza ilipozwaje

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili nilipoteza wiki tatu kwa fuwele moja ya Bi-2212, ile oksidi ya bismathi, stronti, kalsiamu na shaba. Chini ya Kelvini 90 hivi ilipaswa kuwa superkondakta, yaani kupitisha umeme bila ukinzani na kuusukuma nje uga sumaku, na usumaku wake usomeke hasi. Kwangu ulisomeka chanya! Nikaanza kuota ugunduzi.

Kosa lilikuwa kwenye koili ya sumaku. Ilikuwa imebakiza gausi chache za uga wa kipimo cha jana yake, zikielekea upande wa pili na kuzidi uga mdogo niliouweka. Kwa hiyo, sampuli ikiwa bado juu ya joto lake la mpito (ambalo chini yake huwa superkondakta), pandisha uga, uugeuze, uupunguze kwa zamu mpaka ufike sifuri. Kisha pima kipande cha metali ya risasi chini ya Kelvini 7.2, ambako nayo ni superkondakta. Kikisoma chanya, sifuri yako si sifuri.

Halafu pima mara mbili: ipoze bila uga ndipo uuwashe, kisha ipoze uga ukiwa umewashwa. Kwenye grafu ya usumaku na joto, mistari miwili itaachana mahali fulani, na hapo ndipo penye habari kubwa. Uga huingia kama nyuzi nyembamba, kila uzi umezungukwa na mkondo wa umeme, ndizo voteksi. Chini ya joto la kuachana voteksi zimenasa kwenye kasoro za fuwele. Juu yake zinatembea, na zikitembea ukinzani unarudi ingawa bado ni superkondakta. Kuachana huko kwa mistari kulionyeshwa na mwanafizikia Müller na wenzake mwaka 1987.

Katika Bi-2212 tabaka za shaba na oksijeni zimeshikana kwa ulegevu mno (fuwele hubanduka kwa utepe wa gundi), hivyo uga ukisimama wima juu ya tabaka, uzi hukatika vipande kama chapati zilizopangwa kwenye sinia, kila moja ikiteleza kivyake. Ndiyo maana andika daftarini fuwele ililala vipi. Ikiwa bapa, na uga uko wima, rekebisha pia athari ya umbo. Usipofanya hivyo utapata ukingaji unaozidi asilimia 100, jambo lisilowezekana.

Maabara yenu ikiwa na nitrojeni kimiminika tu, Kelvini 77, anza na YBCO, oksidi ya itri, bari na shaba. Tabaka zake zimeshikana zaidi, na hapo bado inazishika voteksi kwenye uga wa tesla kadhaa. Bi-2212 kwa joto hilo huziachia karibu mara moja.