Maswali na majibu: Uvae nini kukimbia milimani wakati wa baridi

Tangu Novemba iingie, barua nyingi zinatoka kwa wasomaji wa kaskazini mwa Uingereza walioanza mbio za milimani kiangazi, zile za kupanda na kushuka vilima vya Lake District, mara nyingi bila hata njia, na sasa hawataki kuziacha mpaka Machi.

Shikamoo. Nina jaketi nene la manyoya ya bata, linanitosha kabisa nikisubiri basi alfajiri. Nikimbie nalo? (Msomaji, Leeds)

Marahaba. Hapana. Hujafika hata robo ya mlima Skiddaw utakuwa umelowa jasho, na manyoya ya bata yakilowa hunywea, hayatunzi joto tena. Kinachowaangusha wengi mlimani si mvua, ni jasho lao wenyewe, tena pale wanaposimama: kufunga kamba za viatu, kusoma ramani, kumngoja mwenzao aliyeteguka kifundo. Mwili unaokimbia ni tanuri. Ukisimama umeuzima moto, na nguo ni mbichi.

Kwa hiyo anza ukisikia baridi kidogo. Ukiona raha kwenye mstari wa kuanzia, umevaa kupita kiasi. Karibu na ngozi vaa fulana ya mikono mirefu inayobana, ya sufu ya merino au polista. Juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo, lile linalokunjika likaenea kiganjani. Hilo ndilo utakalokimbia nalo muda wote. Jaketi la mvua na fulana nene ya ziada vikae mkobani ndani ya mfuko wa plastiki. Hiyo fulana si ya kukimbilia, ni ya kusimamia.

Wala usidanganywe na hali ya bondeni. Glenridding, kijiji cha chini ya mlima Helvellyn, ikiwa nyuzi 5, kilele cha mlima huo, mita 950, kitakuwa karibu na sifuri, na hapo upepo haujahesabiwa.

Kwenye ukaguzi wa vifaa kabla ya mbio walilikataa jaketi langu, na lebo inasema linahimili maji. Wamenionea? (Msomaji, Preston)

Hawakukuonea. Jaketi la namna hiyo hustahimili manyunyu, basi. Kanuni za Fell Runners Association, chama cha mbio hizi kilichoanzishwa 1970, zinataka nguo za mvua zenye mishono iliyozibwa kwa utepe na kofia iliyoungana na jaketi. Ligeuze ndani nje: usipoona utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, maji yatapita kwenye matundu ya sindano. Na mvua ya huko si ya mchezo. Kijiji cha Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam. Suruali ya mvua nayo usiisahau, watu wengi huikumbuka wakiwa wameshalowa mapaja.

Naruhusiwa kukimbia na jezi ya Taifa Stars? (Msomaji, Manchester)

Ruksa. Jezi za mpira ni polista, hazinywi maji kama pamba. Ivalie juu ya ile fulana inayobana. Fulana ya pamba ya kushangilia ibaki kwenye kochi.

Navaa hijabu. Nifanyeje na upepo na mvua? (Dada wa Bradford)

Dada, wewe umeshatangulia: shingo na masikio yako tayari yamefunikwa, wenzako wanahangaika na skafu. Chukua hijabu nyepesi ya polista inayovutika, ncha uzichomeke ndani ya fulana, kofia ya jaketi ije juu. Ya pamba ikilowa hupeleka maji ya baridi mpaka mgongoni. Sketi ndefu hunasa upepo na kukukwaza kwenye mawe. Taiti nene na kaptula pana juu yake zinasitiri vizuri. Kofia ya sufu beba hata hivyo, waandaaji huidai.

Vidole vyangu hufa ganzi kabla sijafika juu. (Msomaji, Kendal)

Vaa glavu nyembamba za sufu, na juu yake zile za kuzuia maji ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja. Vikigusana vinapashana joto. Zivae kabla maumivu hayajaanza. Vikishakufa ganzi hutaweza hata kushika kishikio cha zipu, nawe umebeba jaketi usiloweza kulifunga. Funga kipande cha kamba kwenye kila zipu, ya jaketi na ya mkoba, uweze kuivuta kwa meno.

Maji hayateremki tena juu ya jaketi langu, kitambaa kinayanywa. Nilitupe? (Msomaji, Carlisle)

Usilitupe bado. Uchafu na mafuta ya mwili vimefunika dawa ya kufukuza maji iliyo juu ya kitambaa. Lifue kwa sabuni maalumu ya nguo za mvua, si sabuni ya unga, wala usitie kilainishi. Kama lebo inaruhusu, likaushe kwenye mashine kwa moto mdogo. Joto huamsha dawa hiyo. Likiendelea kunywa maji, nunua dawa ya kupuliza. Utepe wa mishono ukianza kubanduka, hapo lifanye la kwendea dukani.