Gitaa la umeme lililotumika: lilitengenezwa lini, na wapi?

Kwa miaka mingi vijana wa kwaya na wa bendi hapa Dar es Salaam wamekuwa wakiniomba niwaangalizie magitaa ya umeme kabla hawajatoa fedha zao, na karibu kila mara swali lao la kwanza huhusu jina lililoandikwa kichwani: je, hii ni Fender ya kweli, hii ni Gibson ya kweli? Swali hilo mimi hulijibu mwisho. Jina la kichwani mara nyingi ni nembo nyembamba iliyobandikwa, nembo za namna hiyo huuzwa peke yake, na hata ikiwa halali haisemi nchi wala mwaka, kwa kuwa jina moja linaweza kuwa limetoka katika viwanda vya Marekani, Japani, Meksiko, Korea, China na Indonesia kwa nyakati mbalimbali. Ninachotafuta kwanza ni sehemu iliyo mpya kuliko zote miongoni mwa zile ambazo hazijawahi kubadilishwa, kwa sababu gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko sehemu hiyo.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa magitaa ambayo shingo yake imefungwa kwa skrubu, kama Stratocaster na Telecaster za Fender na nakala zake zisizohesabika. Shingo ya mwaka mmoja huingia katika mwili wa mwaka mwingine bila taabu, kama gari lililobadilishwa injini, na muuzaji asiye na nia mbaya anaweza kukuapia kwamba gitaa ni la zamani kwa kuwa ameona namba ya zamani kwenye sehemu moja tu. Kwa hiyo kila sehemu iulizwe umri wake kivyake, kisha majibu yalinganishwe.

Anza na namba ya mfululizo, lakini usiishie hapo. Kwa Fender za Marekani, namba ilikuwa ikichapwa kwenye bamba la chuma la nyuma, pale skrubu za shingo zilipo, mpaka mwaka 1976 ilipohamishiwa kichwani. Tangu hapo herufi ya kwanza hutaja muongo: S ni miaka ya 1970, E ni ya 1980, N ni ya 1990 na Z ni ya 2000, na tarakimu inayofuata ndiyo mwaka ndani ya muongo huo, hivyo Z3 huelekeza mwaka 2003. Kuanzia mwaka 2010 zimetumika herufi US zikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Za Meksiko, kutoka kiwanda cha Ensenada, hufuata utaratibu huohuo zikitanguliwa na M: MN5 ni 1995, MZ4 ni 2004, na MX ni za kuanzia 2010. Utaratibu huu una matundu yake. Nembo zenye E4, kwa mfano, ziliendelea kubandikwa miaka kadhaa baada ya 1984, na herufi E hiyohiyo ilitumika pia kwenye magitaa ya Fender ya Japani kati ya 1984 na 1987, kwa hiyo E isiyosomwa pamoja na maandishi ya nchi haikufikishi mbali.

Japani inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu magitaa ya huko ndiyo ninayoyapenda kuyaona yakitolewa kwenye mkoba uliochakaa. Fender Japan ilianzishwa mwaka 1982, na kazi ya kuyaunda ikapewa kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto. Yale ya mwanzo kabisa, yenye namba zinazoanza na JV, ni ya 1982 hadi 1984, na baadhi yake yana jina la Squier kichwani, jina la pili la Fender ambalo leo watu wengi hulidharau kwa kudhani kwamba siku zote lilikuwa la magitaa ya wanafunzi. Maandishi ya “Made in Japan” yalitumika kwa miaka mingi, na kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 yakaonekana yale ya “Crafted in Japan”. Yatafute kwa makini nyuma ya shingo, karibu na pale inapokutana na mwili, maana ni hapo ambapo mkono wa mpigaji hufika na maandishi huweza kufutika. Ibanez za Japani za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi 1986 ni rahisi zaidi: herufi ya kwanza, kuanzia A hadi L, ni mwezi, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, kwa hiyo H79 ni Agosti 1979.

Yen ilipopanda thamani baada ya mwaka 1985, kazi ya magitaa ya bei nafuu ilihama Japani kwenda Korea, na gharama za Korea zilipopanda nazo, ikaenda China na Indonesia. Ukiijua njia hiyo, maandishi ya nchi yenyewe yanakuwa tarehe ya kukisia: Squier iliyoandikwa Korea huwa ya miaka ya mwisho ya 1980 au ya 1990, na iliyoandikwa Indonesia huwa ya baadaye.

Namba ikiwa imefutwa, au ikiwa ipo lakini unaitilia shaka, fungua gitaa. Chomoa waya kwenye amplifaya, legeza nyuzi zote kabla ya kugusa shingo, kisha ondoa bamba la plastiki la mbele kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Ndani utakuta volyumu na toni, vifaa ambavyo fundi redio yeyote anavijua, na kwenye volyumu za Marekani mgongo huwa umechapwa tarakimu. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji, 137 kwa CTS na 304 kwa Stackpole, na zinazofuata ni mwaka na wiki: 1377633 ni CTS ya wiki ya 33 ya mwaka 1976. Hiyo ni tarehe ya volyumu, si ya gitaa. Mwaka 1966 Fender ilinunua shehena kubwa ya volyumu ambazo ziliendelea kufungwa kwenye magitaa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo ukisoma 66 unajua tu kwamba gitaa si la kabla ya 1966, na hata hilo ni kweli iwapo lehemu haijawahi kuguswa. Lehemu ya kiwandani iliyozeeka huwa imefifia na imekaa kwa mtindo mmoja kwenye maungio yote. Yenye donge linalong'aa katikati ya nyingine zilizofifia huonyesha kwamba fundi alipita.

Niliwahi kuletewa gitaa jeupe lililosemwa kuwa ni Stratocaster ya Marekani ya mwaka 1972, lisilo na namba popote. Kabla ya kulifungua niliona kwamba shingo imeshikwa kwa skrubu nne, wakati Stratocaster za Marekani zilikuwa na tatu kuanzia mwaka 1971 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Swichi ya kuchagua pikapu, vile vifaa vya sumaku vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi, ilikuwa na nafasi tano, na Fender ilianza kufunga swichi ya namna hiyo mwaka 1977. Hilo sikulipa uzito, kwa sababu swichi hubadilishwa. Bamba lilipofunguliwa, ukingo wa shimo lililochongwa mwilini ulionyesha matabaka ya plaiwudi chini ya rangi. Volyumu zilikuwa ndogo, zisizo na tarakimu za Marekani, na chini ya kila pikapu kulikuwa na kipande bapa cha sumaku kilichogundishwa, ilhali katika pikapu za Stratocaster ya miaka hiyo kila kijiti chini ya uzi ni sumaku chenyewe. Kijana aliyelileta alilipenda hata hivyo, akalinunua kwa bei ya gitaa la kujifunzia lililotoka Asia, na linapiga vizuri hadi leo.

Kwa Gibson usifungue shingo, kwa kuwa kwa kawaida imegundishwa. Huko namba huchapwa kwa kukandamizwa kwenye mbao nyuma ya kichwa, na zile nyingi za 1977 hadi 2005 zina tarakimu nane: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. 81235567 ni siku ya 123 ya mwaka 1985, yaani tarehe 3 Mei, na kwa kuwa tatu za mwisho zimezidi 500, ilitoka kiwanda cha Nashville. Mwaka 1994, Gibson ilipoadhimisha miaka 100, namba nyingi zilianza tu na 94. Kwenye feki, namba huweza kuwa sahihi kabisa, kwa sababu imenakiliwa kutoka gitaa la kweli; hapo mimi hutazama kifuniko kidogo cha kichwani, ambacho kwa Gibson kwa kawaida hushikwa na skrubu mbili, na kwenye nakala nyingi hushikwa na tatu.

Ukitaka mtu wa mbali akusaidie, mpigie picha za mchana, bila mwanga wa kamera: kichwa mbele na nyuma, bamba la shingo, daraja, ukingo wa shimo la ndani, na migongo ya volyumu kwa karibu kiasi cha kusomeka. Usisugue vumbi la ndani kwa spiriti, maana tarehe zilizo kwenye ncha ya shingo inayoingia mwilini huwa zimeandikwa kwa penseli au kugongwa muhuri wa wino, na spiriti huufuta wino huo mara moja.