Tatu za kona, mbili za katikati

*Salaam, Mama. Natengeneza mishumaa ya harufu hapa Walukuba, Jinja. Nachanganya nta ya soya na nta ya nyuki, namimina kwenye chupa za kioo za mdomo mpana zenye kifuniko cha bati. Chupa moja ina upana wa sentimita 8, kimo 10 pamoja na kifuniko, na ikijaa inakaribia nusu kilo. Mwezi uliopita nilimtumia mwenye duka wa Mbarara boksi la mishumaa 12. Kila chupa niliizungushia nailoni ya mapovu mara mbili, penye uwazi nikajaza magazeti. Tano zilifika zimepasuka: tatu za kwenye kona, na mbili za katikati zilizokuwa zimepakana. Muuza vifungashio mmoja ananisukuma ninunue sponji nyeusi ngumu iliyokatwa matundu. Jirani yangu anacheka, anasema trei za mayai zinatosha. Nimsikilize nani?*

*Mwenye mishumaa, Jinja*

Mwanangu, zisikilize kwanza zile chupa tano, maana zinaongea vizuri kuliko muuzaji na jirani yako. Za kona zilipigwa kutoka nje: boksi liliangukia kona, na nyuma ya kadibodi hapakuwa na kitu ila kioo. Zile mbili za katikati ziligongana zenyewe. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na nailoni ya mapovu uliyoitumia haiponyi hata moja ikiwa peke yake. Mapovu yanapasuka, magazeti yanashindiliwa na mtikisiko, na boksi lililoondoka Jinja limejaa hadi juu linafika Mbarara lina uwazi wa vidole vitatu. Humo ndimo chupa hucheza.

Nayajua haya kwa kuwa niliyalipia. Miaka ile nilipokuwa natuma asali kwa basi kutoka Bombo kwenda Gulu, nilidhani dawa ya kioo ni ulaini. Nikanunua vipande vya godoro, nikazilaza chupa 24 kama watoto wachanga. Usiku kondakta akanipigia simu: asali inachuruzika kwenye gunia la unga wa mhogo la mama mmoja. Nililipa ule unga, na chupa zikabaki 9. Kilichoniuma zaidi ni sponji yenyewe, ilikuwa nzima kabisa, haikuchanika popote. Chupa zilikuwa zimezama ndani yake zikakutana chini.

Tangu siku hiyo, kitu cha kuweka ndani ya boksi nakichagua kwa maswali mawili tu. Je, kinazuia chupa isisogee? Na boksi lingine la kilo 20 likiwekwa juu, uzito utashuka kupitia wapi? Ukiwa Jinja jibu linapita mbele yako kila siku. Tazama malori ya bia yanayotoka Njeru. Kreti ni plastiki ngumu, haina ulaini wowote, lakini kila chupa ina chumba chake, na kreti ya juu inakalia kuta za kreti ya chini. Wala haikalii vichwa vya chupa.

Kwa hiyo mimi ningekushauri vigawanyo vya kadibodi, vile vipande vinavyopishana ndani ya boksi kutengeneza vyumba. Unaweza kuvikata mwenyewe mezani kwa wembe wa fundi na rula ya chuma. Tafuta kadibodi ya mawimbi yenye unene wa milimita 3 hivi. Chupa yako ya sentimita 8 ikivaa tabaka moja la nailoni ya mapovu madogo inakaribia 9, basi chumba kiwe na 9 kila upande. Kwa chupa 12, yaani safu tatu za nne nne, unahitaji vipande viwili virefu vya sentimita 37 na vitatu vifupi vya 28. Kimo cha vyote kiwe 10 na nusu, ile nusu iliyozidi chupa ndiyo itakayobeba mzigo wa juu badala ya kifuniko chako cha bati. Kila penye makutano chana mpaka nusu ya kimo, upana wa mchano ulingane na unene wa kadibodi, kisha vipachike kimoja kikitazama juu na kingine chini.

Hapa wengi wanakosea: ukikata, mawimbi ya ndani ya kadibodi yasimame wima. Chukua kipande kidogo ukibonyeze kwa kiganja, kwanza mawimbi yakiwa yamesimama, halafu yakiwa yamelala. Utaona kipi kinakunjika. Chupa iingie chumbani kwa kusukumwa kidogo. Ikidondoka yenyewe hadi chini, chumba ni kikubwa. Ikibidi uilazimishe, mapovu yatapasuka kabla boksi halijatoka nyumbani.

Huo ulikuwa ugonjwa wa katikati. Wa kona unataka boksi la pili. Boksi lenye vyumba litie ndani ya kubwa zaidi, uache sentimita 5 kila upande, chini na juu pia, na nafasi hiyo uijaze mpaka boksi la ndani lisitikisike. Najua boksi la pili ni gharama, na mteja wa Mbarara hatakulipa hata shilingi kwa ajili yake. Lakini hesabu mikono: taksi kutoka Jinja, boda kutoka paki ya taksi hadi kwenye basi, vijana wa kupakia, vijana wa kushusha, kisha boda tena huko Mbarara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuona mshumaa wako.

Na huko kwenye nafasi ya sentimita 5 ndiko jirani yako anapata haki yake. Trei ya mayai imefinyangwa kufuata umbo la yai, haiwezi kuishika chupa ya nusu kilo. Ila trei mbili zilizopandana zikiwekwa chini ya boksi la ndani, na mbili nyingine juu yake, zinapokea kishindo vizuri sana, kwa sababu zile nundu zinakunjika badala ya chupa. Nunua mpya tu. Trei iliyokaa bandani kwa kuku ina harufu yake, na wewe unauza harufu. Pembeni jaza maganda makavu ya mgomba, haya ya byayi, uyasokote vidonge vigumu. Mimi nayapenda kuliko plastiki yoyote, nayo hayakuingizi kwenye maneno ya kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Yawe yamekauka barabara, yakiwa na unyevu yataota ukungu na kuilainisha kadibodi.

Sponji nyeusi si mbaya. Ile ngumu, ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi polepole, hiyo inashika chupa sawasawa, na kwa boksi la zawadi la mshumaa mmoja au miwili inapendeza. Kwa boksi la jumla la 12 utakuwa unafanyia kazi muuza sponji. Tena matundu yake ni ya chupa moja tu. Siku ukibadilisha chupa, sponji yote haina kazi.

Maboksi yaliyotumika ya Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla Kampala, nimeyatumia sana, sikufichi. Angalia tu kona zake: zikiwa zimeshakunjika na kulainika, hilo tandika ndani, lisiwe la nje.

Kabla hujatuma tena, jaza boksi kwa mishumaa iliyokuharibikia, hiyo ambayo utambi ulikaa upande, ulifunge kama la mteja, kisha uliangushe mwenyewe. Kipimo cha 1A cha ISTA, chama cha kimataifa kinachoshughulikia usalama wa mizigo safarini, kinataka boksi lisilofika kilo 10 liangushwe mara kumi kutoka sentimita 76: kona moja, kingo tatu, na pande zote sita. Sentimita 76 ni kimo cha meza ya kulia chakula. Lako litakuwa na kilo 7 au 8, basi lianze kwa kona. Majirani watakushangaa. Ukifungua ukakuta chupa iliyopasuka, tazama imepasukia wapi, ndipo uniandikie tena.

*Mama, mimi yangu haipasuki. Napokea mishumaa ya soya kutoka Kampala kwa ajili ya duka langu hapa Gulu, na nikifungua nakuta nta imegusa kifuniko na juu imekuwa mabonde. Je, ni kifungashio?*

*Muuza duka, Gulu*

Ni joto, ndugu yangu, likisaidiwa na boksi kulala ubavu. Nta ya soya ya mishumaa ya chupa kwa kawaida huyeyuka kati ya nyuzi 45 na 55 hivi, na huanza kulainika kabla ya hapo. Nta ya nyuki husubiri mpaka 62 au 64, ndiyo maana huyu wa Jinja anayechanganya hajalalamika juu ya hilo. Sehemu ya mizigo ya basi lililoegeshwa juani mchana haiko mbali na nyuzi hizo. Mwambie anayekutumia auache mshumaa upoe siku nzima kabla ya kuufunika, aweke duara la karatasi nzito kati ya nta na kifuniko, na achore mishale ya kuelekea juu kwenye pande zote nne za boksi, si upande mmoja. Akutumie kwa basi la usiku. Nawe uende kuchukua alfajiri, kabla vijana hawajalitoa boksi nje ya ofisi ya mizigo na kuliacha juani hadi saa sita.