Bentley Blower haikuwahi kushinda Le Mans

Ndugu uliyeuliza kama Bentley Blower, gari la mashindano la Kiingereza, ndiyo iliyoshinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa: hapana. Watu huichanganya na dada zake. Mwaka 1928 ilishinda Bentley ya kawaida yenye injini ya lita 4½, isiyo na supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). 1929 na 1930 ikashinda Speed Six, Bentley nyingine.

Blower ni wazo la dereva Tim Birkin, kwa fedha za tajiri Dorothy Paget. W.O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, hakulitaka kabisa. Kwake, ukitaka nguvu unaongeza ukubwa wa injini, huisukumii hewa kwa lazima. Ukiitazama kwa mbele utaelewa: supachaja iliyobuniwa na mhandisi Amherst Villiers imetokeza nje, chini mbele ya rejeta, kati ya taa, ikizungushwa moja kwa moja na kranki. Nguvu ilipanda kutoka farasi 110 hivi hadi 240 kwa gari la mashindano. Lakini ilikunywa petroli vibaya sana, na injini haikuvumilia saa 24.

Le Mans 1930 Birkin aliipita Mercedes ya dereva Mjerumani Caracciola magurudumu yakiwa kwenye majani, tairi linabanduka. Lakini Blower zote mbili zilizoshiriki hazikumaliza. Matokeo bora ya Blower ni nafasi ya pili, Grand Prix ya Ufaransa huko Pau mwaka huohuo, Birkin akishindana na Bugatti nyepesi kuliko gari lake. Mimi naona mbio hiyo ya Pau ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi.