Akupancha kwa joto la kukoma hedhi: mpe mama daftari kabla ya kulipia

Dada uliyeuliza kama sindano za Kichina zitampunguzia mama joto la ghafla na jasho la usiku: baadhi ya wanawake zinawasaidia sana, wengine haziwagusi, na hakuna mtaalamu anayeweza kukwambia mapema mama ataangukia wapi. Ndiyo maana daftari linatangulia. Kwa wiki mbili aandike kila joto linapompanda: saa ngapi, jepesi au kali, limemwamsha au la. Bila hesabu hiyo, mwezi ukiisha ataambiwa "endelea kidogo tu" na hatakuwa na la kujibu.

Sindano ni nyembamba, nyingi zina unene wa milimita 0.25, na huachwa mwilini dakika 20 hadi 30. Sehemu ambayo wataalamu wengi huichoma ni nukta iitwayo Sanyinjiao: upana wa vidole vinne (vya mgonjwa mwenyewe, si vya mtaalamu) juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma tu ya ukingo wa muundi. Taixi iko kwenye kibonde kati ya kifundo hicho na kano ya kisigino. Shenmen, penye mkunjo wa kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho, huchomwa kwa ajili ya usingizi na moyo kwenda mbio. Sindano ikifika panapotakiwa atasikia uzito au mvuto unaotambaa. Akisikia kama shoti ya umeme inashuka unyayoni, imegusa neva. Aseme hapohapo irudishwe nyuma.

Sasa vikao vingapi? Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulikuwa na wanawake 209, waliopewa hadi vikao 20 ndani ya miezi 6. Waliochomwa walipungukiwa na joto kwa wastani wa 36.7%, waliokuwa bado wanasubiri zamu yao bila kuchomwa likaongezeka 6%. Ila wastani unaficha mengi. Kufikia wiki ya 8, takribani 12% walipata nafuu ya 85%, karibu nusu wakapata 47%, na 37% hawakufika hata 10%. Nafuu kubwa ilijitokeza katika vikao 8 vya mwanzo. Kwa hiyo kikao kimoja au viwili kwa wiki, na cha 8 kikipita bila daftari kuonyesha joto limepungua kwa angalau robo, mimi ningesimamisha.

Mwaka huohuo Australia walijaribu kwa wanawake 327, nusu wakipewa sindano butu zisizopenya ngozi. Makundi yote mawili yalipungukiwa kwa takribani 40%. Huenda basi kulala kwa utulivu na kuhudumiwa kuna mchango mkubwa kuliko mahali sindano inapoingia, kwa hiyo anayekutoza zaidi kwa "nukta za siri" mwache. Dawa za homoni ndizo zenye nguvu zaidi dhidi ya joto, lakini si kila mtu anaruhusiwa, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Na akupancha hairudishi estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma: ukavu ukeni na mifupa kudhoofika vinahitaji tiba yake.

Yanayoharibika mara nyingi ni madogo. Kuzimia hutokea mgonjwa akichomwa akiwa ameketi na tumbo tupu, kwa hiyo ale kwanza, alale chali (mwezi wa Ramadhani apange baada ya futari). Michubuko huwapata zaidi wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hatari halisi ni sindano ya begani au kifuani inayozama sana: pafu hutoboka. Pumzi ikikata au kifua kikichoma baada ya kikao, ni hospitali moja kwa moja. Mwenye betri ya moyo (kifaa kinachoongoza mapigo yake) asiunganishiwe umeme kwenye sindano. Pakiti ifunguliwe mbele yake, na kwa Tanzania uliza usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kabla ya yote hayo, kama jasho la usiku linaambatana na kikohozi au kukonda, apimwe TB. Mikono ikitetemeka na moyo ukienda mbio hata bila joto, apimwe tezi ya shingo. Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, aonane na daktari wa wanawake wiki hiyohiyo. Na kama hedhi bado inakujakuja, apime mimba kwanza, maana Sanyinjiao huepukwa kwa mjamzito.